Kisukari aina ya 2 kinaweza kurudi nyuma?

Wengi wanajua ukishapata kisukari aina ya 2, basi ni dawa maisha yote. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoka 2017, ulitikisa imani hiyo. Wagonjwa waliishi kwa supu na vinywaji maalumu, kalori kama 850 tu kwa siku, miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, 46% sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa. Siri ni mafuta: yakipungua kwenye ini na kongosho, insulini inafanya kazi tena. Ila siyo kupona kabisa. Mwaka wa pili walibaki 36%. Kilo zikirudi, sukari nayo inarudi. Na usijaribu kienyeji: wale walisimamiwa kitabibu, walikuwa na kisukari chini ya miaka 6, na waliokuwa wakichoma insulini hawakuingizwa.