Kaitaba: Je, Uwanja Mpya Huinua Timu?

Tangu Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa mwaka 2023 haki ya kuandaa pamoja mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, habari ya kujenga viwanja imekuwa midomoni mwa watu wengi. Pamoja nayo imeenea dhana moja isiyopimwa sana, kwamba timu ikipewa uwanja mpya, ushindi utaifuata. Dhana hii haikosi asili. Azam ya Dar es Salaam ilijijengea uwanja wake huko Chamazi, na katika msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila ya kufungwa hata mechi moja. Juventus ya Italia ilihamia uwanja wake mpya mwaka 2011, ikachukua ubingwa wa nchi yake mara tisa mfululizo. Asikiaye mifano hii miwili aweza kudhani kwamba shauri limekwisha. Lakini Arsenal ya London nayo iliuacha uwanja wa Highbury mwaka 2006, ikaingia katika uwanja mkubwa zaidi, na isipate kombe lolote kubwa mpaka mwaka 2014.

Mifano ya mbali ikipingana namna hii, yafaa tutazame ulio karibu. Mkoani Kagera tunao mfano ambao hauna fahari ya ile ya Ulaya, lakini una sifa adimu kwa mtu wa historia: ndani ya miaka michache, timu ile ile iliondolewa katika uwanja wake, ikatangatanga katika miji ya watu, kisha ikarejeshwa pale pale pa zamani, uwanja ukiwa umevikwa nyasi mpya. Timu hiyo ni Kagera Sugar, na uwanja ni Kaitaba wa Bukoba.

Hapana budi kwanza tukumbuke kwamba Kagera Sugar si mzaliwa wa Bukoba mjini. Ni mtoto wa kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, katika nchi ile iliyoonja uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Kaitaba si mali yake, bali ni mali ya Manispaa ya Bukoba. Timu hii, basi, tangu awali ilikuwa mpangaji, wala si mwenye nyumba. Lakini mpangaji akikaa sana hupata jamaa, na Kagera Sugar ilipata jamaa Bukoba na hata Muleba. Mkulima wa kahawa na migomba wa Muleba, akitaka kuwaona Simba au Yanga kwa macho yake, alikuwa na safari ya kilomita 70 hivi kwenda Kaitaba, akatazama mpira na kurudi kulala kwake. Jambo hilo dogo ndilo kiini cha maneno yangu, nami nitalirudia.

Sababu ya kutengeneza uwanja ilikuwa njema. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kabisa nchini, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na uwanja wa nyasi za kawaida katika mvua kama hiyo hugeuka matope, mpira ukakataa kwenda. Kwa msaada wa FIFA na usimamizi wa shirikisho la mpira la Tanzania, Kaitaba ikaamuliwa kutandikwa nyasi bandia. Wakati kazi hiyo ikiendelea, Kagera Sugar ikalazimika kuhama. Ikacheza mechi zake za nyumbani Kirumba ya Mwanza, Kambarage ya Shinyanga, na Ali Hassan Mwinyi ya Tabora.

Neno "nyumbani" hapo lilikuwa la kwenye ratiba tu. Barabara itokayo Bukoba kwenda kusini hupita Muleba na kuendelea Biharamulo; na wakati ule mwenye kwenda Mwanza kwa njia ya Geita alikuwa bado akivuka kwa kivuko baina ya Busisi na Kigongo, kwa maana daraja la hapo lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Mtu wa Muleba angeweza kuliona basi la timu yake likipita mbele ya mlango wake kwenda kucheza "nyumbani", asiweze kulifuata. Wachezaji nao, ambao wapinzani wao husafiri mara moja kila baada ya majuma mawili, wao walisafiri kila juma. Wataalamu wa michezo hutaja mambo matatu yampayo mwenyeji nguvu: kuuzoea uwanja, kelele za watu wake, na uchovu wa mgeni. Kagera Sugar ilinyang'anywa yote matatu kwa mkupuo mmoja, na mwisho wa msimu wa 2015/16 ilisalia katika Ligi Kuu kwa taabu.

Msomaji aweza kusema kwamba basi jambo limethibitika: timu isiyo na uwanja huanguka. Ngoja kidogo. Msimu ule ule timu tatu zilishuka daraja, nazo ni Coastal Union, Mgambo na African Sports. Zote tatu ni za Tanga, na zote tatu zilikuwa na uwanja wa nyumbani usiotikisika, Mkwakwani. Wenye nyumba walianguka, na mkimbizi akapona! Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kumtia adabu mtu mwenye haraka ya kutoa hukumu.

Msimu wa 2016/17 Kagera Sugar ilirudi Kaitaba. Mpira ulikuwa haujachanganya vizuri wakati tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoipiga Bukoba na kuua watu, na uwanja uliokuwa umerudishiwa timu yake ukawa mahali pa kuwaagia marehemu. Hata hivyo timu ilimaliza msimu ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba zilizolingana pointi na kutenganishwa na mabao, na mbele ya Azam yenye mali nyingi kuliko yake. Simba yenyewe ilifungwa 2-1 Kaitaba mwezi Aprili, na shauri la pointi zile likapelekwa katika kamati, likaamuliwa hivi, kisha likaamuliwa vingine.

Hapo ndipo watu wa Bukoba waliposema: tazameni kazi ya nyasi! Nami sioni ajabu kwamba walisema hivyo. Lakini katika msimu huo huo wa neema, juu ya nyasi hizo hizo, Yanga ilikuja mwezi Oktoba ikafunga mabao sita kwa mawili. Tena timu ilikuwa imepata mwalimu mpya, Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars, aliyetoka Mtibwa Sugar. Je, ushindi tumpe yeye? Hilo nalo lina pingamizi, kwa sababu katika msimu wa 2018/19, mwalimu akiwa yeye na nyasi zikiwa zile, Kagera Sugar iliwafunga Simba mabingwa nyumbani na ugenini, na bado ikaporomoka hata ikabidi icheze mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ndipo inusurike.

Mwaka 2002 mtaalamu Richard Pollard alichapisha uchunguzi wake juu ya timu za michezo mingine za Amerika ya Kaskazini zilizohamia viwanja vipya. Aliona kwamba katika msimu wa kwanza nguvu ya kucheza nyumbani ilipungua kwa karibu robo, maana mwenyeji mwenyewe huwa bado mgeni. Kaitaba haipingani naye, kwa sababu Kagera Sugar haikuhamia upya, ilirudi. Kilichokuwa kipya ni zulia. Watu waliokaa pembeni walikuwa ni wale wale, nao wa Muleba wakaweza tena kwenda na kurudi siku moja. Kwa maoni yangu faida iliyopatikana mwaka 2016 ilikuwa ni ya kukomesha hasara, wala haikuwa ziada, na wenye kupanga viwanja wangefanya vema kuzitenga hesabu hizo mbili.

Thamani ya uwanja kwa mji ni habari nyingine. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19, kesho yake miili iliagwa Kaitaba, kama ilivyokuwa baada ya tetemeko. Hakuna msimamo wa ligi unaoandika hayo.

Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja pamoja na KenGold. Ilikuwa ikicheza nyumbani, Kaitaba, juu ya nyasi bandia, na mtu wa Muleba aliweza kwenda asubuhi, akashuhudia, akarudi jioni.