Ushuhuda wa Wiki Hii: Tulikotoa Kanuni ya Tatu ya Kwaya Yetu

Makala ya Katibu



Kamati ya Jubilei iliponipa kazi ya kuandika historia, nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Daftari za kumbukumbu za mikutano ziko kabatini, na makatibu walionitangulia walikuwa na mwandiko mzuri kuniliko. Habari za walimu wa kwaya, sare zetu, safari na tamasha mtazisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nitaandika juu ya jambo moja dogo nililolikuta katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza.

Waanzilishi wetu waliandika kanuni 7. Ya kwanza inahusu kufika mapema, na ya pili inahusu mchango wa kila mwezi. Ya tatu inasema kila mazoezi yataanza kwa maombi na ushuhuda mmoja wa wiki hii. Maneno "wiki hii" yamepigiwa mstari mara mbili kwa wino. Sisi wa siku hizi tunaanza kwa maombi, kisha mwalimu anatupa noti tunaingia wimbo. Hiyo sehemu ya pili ilipotea, na hakuna aliyeandika ilipotea lini.

Nilikwenda kwa mama mmoja, mwanakwaya wa sauti ya pili tangu mwanzo, nikamwuliza kanuni ile ilitoka wapi. Akacheka. "Mwanangu, hiyo hatukuibuni sisi. Tuliitoa kwa ndugu." Nikamwuliza ndugu gani. "Ndugu wa Uamsho. Kwao ukisimama ukasema uliokoka mwaka fulani ukanyamaza, walikuuliza: na jana je?"

Kwa hiyo historia ya kanuni yetu ya tatu haianzii katika kanisa hili. Inaanzia mbali kidogo.

Gahini na Namirembe

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na hospitali ya misheni mahali paitwapo Gahini, mashariki mwa Rwanda. Daktari wake alikuwa Mwingereza kijana, Joe Church. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga nchi, wagonjwa walikuwa wengi, na daktari mwenyewe alikuwa amechoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Nsibambi naye alikuwa na kiu ileile. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Daktari mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, halikuwa jambo la kawaida enzi zile za ukoloni.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini. Pale alimkuta Yosiya Kinuka, kiongozi wa wafanyakazi wa hospitali, ambaye hakuwa na furaha na kazi. Kinuka alipomtembelea Nsibambi huko Kampala alianza kulalamika juu ya hali ya hospitali. Nsibambi hakumfariji. Alimwambia tatizo la hospitali limo ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Neno lile lilimchoma, na aliporudi Gahini alikuwa mtu mwingine. Baadaye akawa mchungaji na mmoja wa viongozi wa Uamsho.

Naomba tuangalie jambo hilo lilianzia wapi. Lilianzia wodini, kwenye dawa, shuka na zamu za usiku, wala si kwenye mkutano mkubwa wenye vipaza sauti. Wale ndugu walijifunza kwamba Mungu huangalia jinsi unavyoshika funguo za stoo kama anavyoangalia jinsi unavyoshika Biblia.

Katikati ya miaka ya 1930 moto huo ulienea Rwanda na Uganda. Watu waliungama dhambi mbele ya wenzao, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na jirani zao. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa kijana bado, lakini mzigo wake ulibaki katika neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Kanisa la Uganda lilipoadhimisha mwaka 1937 miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza wafike, neno hilo ndilo lililobeba mahubiri ya maadhimisho. Wenzetu hao waliifanya jubilei yao kuwa wakati wa kuamshwa.

Uamsho unafika Kenya

Mwaka huohuo wa 1937 kikundi cha ndugu kilikuja Kabete, karibu na Nairobi. Kutoka hapo Uamsho ulipita katika makanisa ya Kianglikana, ya Kipresbiteri na ya Kimethodisti bila kuuliza mtu ni wa dhehebu gani. Haukuunda kanisa jipya. Ndugu walibaki katika makanisa yao, wakakutana kila wiki katika ushirika, nyumbani kwa mtu au chini ya mti.

Waliimba Tukutendereza. Wimbo huo ni wa Kiganda, na umeimbwa Kenya na watu ambao hawajui neno lingine lolote la Kiganda. Mama yule aliniambia hapo ndipo alipojifunza sauti ya pili, kabla ya kuwa na mwalimu wala kinanda. Kwa hiyo siku tunapohesabu walimu wa kwaya hii, tuuhesabu na ule ushirika.

Katika ushirika walikuwa na msemo wa kutembea katika nuru, kutoka 1 Yohana 1:7. Maana yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. Mume aliyemjibu mkewe vibaya asubuhi alilisema jioni. Mwenye duka aliyepunja kipimo cha sukari alimtafuta mteja. Hawakuishia kwenye makosa tu. Walisimulia pia mambo madogo ambayo Bwana amewatendea: mvua iliyonyesha baada ya kupanda, mtoto aliyepata nafuu, hasira iliyotulia njiani kabla ya kufika mlangoni. Ukijua kwamba Alhamisi utaulizwa Bwana amefanya nini, utaanza kuangalia tangu Ijumaa. Kwa njia hiyo watu wa kawaida walijifunza kumwona Mungu katika siku za kawaida.

Mwalimu mmoja wa shule kutoka Uganda, Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alisafiri kwa baiskeli kama kilomita 80 kwenda kumwomba msamaha Mwingereza aliyekuwa akimchukia. Mimi pia ni mwalimu, na nikiisoma habari hiyo huwa nafikiria ule mwendo. Kwa baiskeli kilomita 80 ni safari ya kutwa, na kila mlima unaweza kukupa sababu ya kugeuza.

Imani ilipojaribiwa

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo madogo ya sukari na maneno ya asubuhi. Lakini yaliwaandaa kwa makubwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika eneo la kati walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo. Wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali dhidi ya jirani zao. Wakawa hawana kwa kujificha, upande wowote. Wako waliopigwa, na wako waliouawa.

Karibu miaka 25 baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, naye mtu wa Uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere alitoroka akavuka mpaka kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Yule aliyepanda baiskeli kwenda kuomba msamaha ndiye aliyeweza kumsamehe mtu aliyeliumiza kanisa lake na nchi yake. Naamini safari ya pili isingewezekana bila ile ya kwanza.

Historia ya kweli haifichi madoa. Ndugu wa Uamsho nao walikosea. Wako waliogeuza ushuhuda kuwa fimbo ya kuwachapia wengine, wakapima wokovu wa mtu kwa nywele au nguo. Huko Uganda kikundi kilijitenga kikiwaona wenzao wamelala tena. Hata unyenyekevu unaweza kuwa na kiburi chake. Mama yule mwenyewe alisema, "Tuliungama sana, lakini wakati mwingine tuliungama dhambi za wenzetu."

Katika daftari zetu

Baada ya kuyajua hayo nilizisoma daftari upya, nikaona nilichokuwa nikikiruka. Katika miaka ya mwanzo katibu aliandika ushuhuda kwa mstari mmoja baada ya mahudhurio. Mmoja ameshukuru kwa ng'ombe kuzaa salama. Mmoja ameomba msamaha kwa sauti ya kwanza kwa maneno ya Jumapili. Mmoja amesema hana ushuhuda wiki hii, na tumemwombea. Huo wa mwisho ndio uliniingia zaidi. Kulikuwa na nafasi hata kwa mtu mkavu.

Kuna pia kurasa tatu za majonzi. Fedha za sare zilipungua na kwaya ikagawanyika. Jumapili tatu mfululizo hatukuimba, na mahali pa wimbo wa kwaya katibu ameandika neno moja: kimya. Jumamosi iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mmoja alisimama akasema fedha alizitumia yeye kwa karo, aliogopa kusema, na atazirudisha kidogo kidogo. Jina halikuandikwa, nami sikuuliza. Kilichoandikwa ni kiasi alicholeta kila mwezi kwa miezi 11, na baada ya mwezi wa mwisho, neno "Haleluya" kwa herufi kubwa. Kama kanuni ya tatu isingekuwapo, sijui angesimama saa ngapi, na sijui kama leo tungekuwa na jubilei ya kuandikia.

Karatasi

Sasa na mimi nitoe changu, maana siwezi kuandika haya yote nikabaki gizani.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikichapisha maneno ya nyimbo zetu. Mlinishukuru mara nyingi kwa kujitolea. Karatasi zile zilikuwa za shule ninakofundisha, na wino pia. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiambia ni kazi ya Mungu, na kwamba karatasi chache hazimwumizi mtu. Huku darasani nilikuwa nikiwaambia watoto hakuna karatasi za kutosha za mtihani, wanakili maswali kutoka ubaoni.

Juma nililosoma habari za Kinuka na hospitali ya Gahini, wimbo wa Jumapili ulinishinda kuimba. Jumatatu nilibisha mlango wa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri lakini yalinipotea. Nilisema tu, "Mwalimu, nimekuwa nikichukua karatasi za shule kwa ajili ya kwaya." Aliniangalia kwa muda, akauliza ni kiasi gani. Nikasema nadhani ni ream 4, labda 5. Akasema, "Basi leta 5." Hakunipongeza. Ijumaa nilizileta, akaniandikia risiti, na siku hiyo darasa langu lilifanya mtihani kwa karatasi iliyochapishwa.

Sikuona malaika. Lakini nilipokuwa nikipita kati ya madawati nikiwaangalia wale watoto wakiandika, nilijua Bwana yuko darasani, na kwamba amekuwa pale muda wote akiningoja.

Karatasi za kijitabu hiki zimenunuliwa na kwaya. Risiti iko kwa mweka hazina, na kuanzia sasa karatasi zitakuwa katika bajeti yetu.

Jubilei ni kurudi

Katika Walawi 25 mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa kurudi: mtu alirudi katika shamba la jamaa yake, na mtumwa alirudi nyumbani huru. Tarumbeta ilipigwa kwanza, kisha watu wakarudi. Sisi wanakwaya tunaipenda ile tarumbeta. Naomba tusisahau sehemu ya pili.

Pendekezo langu kwa mkutano mkuu ni moja. Turudishe kanuni ya tatu kama ilivyoandikwa. Dakika 5 kabla ya noti ya kwanza, ushuhuda mmoja wa wiki hii. Usiwe mrefu, wala usimhusu jirani. Atakayekuwa hana aseme hana, tumwombee, tuimbe. Katibu ataandika mstari mmoja, ili atakayefungua daftari hizi katika jubilei ijayo ajue kwamba Mungu alitembea nasi hata Jumanne na Jumatano.

Mama yetu wa sauti ya pili hawezi tena kusimama kwa muda mrefu, lakini ameahidi kuja Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe. Amesema ushuhuda wake uko tayari. Nilipomwuliza kama ni wa zamani zile za ushirika, alikunja uso. "Nimekwambia, mwanangu. Ni wa wiki hii."

Wenu katika huduma,
Katibu wa Kwaya