Msonge, Daka na Jarida la Lugha Mbili

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Taarifa zake zilikua hata zikawa jarida tulijualo leo kwa jina la Kiswahili, litolewalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hupokea makala za Kiswahili na za Kiingereza, na katika sarufi, ushairi na istilahi lugha hizo mbili zimeketi meza moja.

Katika habari za majengo haikuwa hivyo. Peter Garlake alipochapisha mwaka 1966 kitabu chake juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, na Usam Ghaidan kile cha mji wa Lamu mwaka 1975, Kiingereza ndicho kilichoeleza. Kiswahili kiliachiwa kutaja tu: daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka. Elimu ilikuwa ya fundi wa Lamu, lakini sentensi hazikuwa zake.

Huku kwetu Kagera pengo ni kubwa zaidi. Hermann Rehse aliandika juu ya Kiziba kwa Kijerumani mwaka 1910; F. X. Lwamgira akaandika Amakuru ga Kiziba kwa Kihaya, kikachapwa mwaka 1949. Kiswahili kilikuwa wapi? Kamusi hutuambia kwamba msonge ni nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka. Mhaya akisoma hayo huona mara moja kilichosahauliwa: mushonge wetu hauna ukuta uliotengana na paa. Nyasi huteremka kutoka kileleni hadi ardhini, na ndani nguzo hubeba mzigo. Nyasi hizo hukatwa rweya, hazioti kibanjani penye migomba na mibuni. Kwa hiyo asiyeijua rweya hawezi kuieleza nyumba. Fedha za kahawa zilipoingia miaka ya 1920, nyumba za pembe nne na mabati zikaanza kushika nafasi yake.

Leo hapa Rwamishenye ni matofali na mabati kila upande. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya kumi na kubomoa nyumba nyingi mkoani. Fundi wetu ana maneno yake: msingi, nondo, lenta, jamvi. Yeye ndiye msomaji ambaye jarida la lugha mbili la usanifu na utamaduni lingepaswa kumwandikia, tena kwa Kiswahili kilichotungwa kwa Kiswahili. (Tafsiri iliyobandikwa chini ya picha haimfundishi mtu kufunga lenta.)

Huko Katuruka, Maruku, kwenye makao ya kale ya Mfalme Rugomora Mahe, wanakijiji wamesimamisha tena mushonge. Toleo la kwanza ningelianzia hapo: wajenzi wahojiwe kwa Kihaya, makala iandikwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifuate nyuma.