Mshale wa Ramani na Njia ya Chumvi: Hoja Juu ya Makazi ya Kale ya Uha

Katika ramani za vitabu vya historia ambavyo vijana wetu husomeshwa, mshale mnene huanzia mpakani mwa Nigeria na Kameruni, ukaukata au ukauzunguka msitu wa Kongo, ukashuka baina ya maziwa makuu na kuufunika Uha wote, tangu Kibondo hata Kasulu, kana kwamba mababu wa Waha waliondoka siku moja kwa amri moja, lugha moja vinywani mwao, majembe ya chuma mabegani na vyungu vichwani. Makala haya yanaupinga mshale huo. Hatukani kwamba watu walihama; tunalolikana ni kwamba walihamia nchi wasiyoijua, na kwamba lugha, chuma na ufinyanzi viliwasili pamoja kama mizigo ya msafara mmoja.

Kuhusu chimbuko hakuna haja ya kurefusha maneno, kwa kuwa rai ya Joseph Greenberg kwamba lugha za Kibantu zilichipuka magharibi imekwisha kukubaliwa na takriban wanazuoni wote, na ile ya Malcolm Guthrie, aliyekitafuta kitovu chake kusini ya msitu, upande wa Katanga, haina tena wafuasi, ijapokuwa Roland Oliver alijitahidi mwaka 1966 kuzipatanisha. Ugomvi umo katika namna ya kuenea. Jan Vansina, mwaka 1995, aliivunja kwa haki dhana ya uhamaji mkuu mmoja, akaonyesha kwamba lugha zilienea kwa nyakati nyingi na kwamba wenyeji waliweza kuipokea lugha ngeni pasipo kuondoshwa kwao. Lakini baadhi ya waliomfuata walivuka kiasi, wakanena kana kwamba maneno hutembea bila miguu ya watu. Hao wamejibiwa na utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulidhihirisha kwamba tofauti za jeni miongoni mwa wasemaji wa Kibantu hupungua kadiri wanavyokuwa mbali na magharibi, na kwamba njiani walichanganyika na waliowatangulia. Basi watu walikwenda. Walikwendaje?

Jibu, kwa rai yetu, liko Uvinza. Mto Ruchugi, ushukao kutoka nyanda za Kasulu ukaungana na Malagarasi, una kando yake chemchemi za maji ya chumvi, na huko J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walifanya uchunguzi ambao taarifa yake ilitoka katika jarida la Azania mwaka 1968. Vigae vya chini ni vya zama za mwanzo za chuma, na vipimo vya umri vyaelekea karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Juu yake mna vigae vya mitindo mingine, vya nyakati za baadaye, ilhali kazi ni ile ile ya kuchota maji ya chemchemi, kuyachemsha chunguni hata yakauke, na kuikusanya chumvi. Lizingatie hilo, msomaji: mitindo ya vyungu ilibadilika, pengine na wafinyanzi wenyewe, lakini chemchemi haikusahauliwa. Fauka ya hayo, habari za karne ya 19 zatuonyesha jinsi mahali hapo palivyotumika: kiangazi kilipofika na mito ikapungua, watu walikuja kutoka Uha, Burundi na Unyamwezi, wakajenga vibanda vya muda, wakachemsha chumvi, wakawalipa watawala wa Uvinza fungu lao, na kabla ya masika wakarejea makwao na mizigo yao. Mtu aliyekwenda na kurudi hivyo kwa miaka kumi aliyajua maji yalipo, pori lenye mbung'o na bonde lenye rutuba, na aghalabu alikwisha kuwa na rafiki au mkwe huko; siku ukame au ugomvi ulipomtoa kwake, hakwenda ugenini. Hivyo ndivyo, twathubutu kusema, Uha wote ulivyokaliwa.

Yawezekana mtu akasema kwamba vyungu vya Urewe, vya kando ya Ziwa Viktoria, vilitangulia kwa karne nyingi, na kwamba huo ndio mshale wenyewe ukishuka kusini. Tunajibu kwamba karne nyingi hizo ni ushahidi wetu, maana msafara hautumii muda huo kwa mwendo wa wiki chache. Tena ng'ambo ya pili ya mpaka, nchini Burundi, wafinyanzi mashuhuri ni Batwa, ambao huhesabiwa kuwa wazao wa wawindaji wa kale. Aonaye kigae akaandika "Mbantu" na asite kwanza. Wala nchi hii haikuwa tupu.

Na lugha je? Alipouawa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu waliikimbia Burundi, na wengi wao wakaingia Kibondo na Kasulu, ambako mwenyeji aliwasikia wakisema Kirundi na akawaelewa kwa Kiha chake. Mwanaisimu wa miaka 1,000 ijayo, akizilinganisha lugha hizo mbili, hataona alama ya msiba ule mkubwa, naye ataandika kwamba hapakuwa na uhamaji; maadamu jambo la juzi laweza kufichika namna hiyo, ukaribu wa Kiha na Kirundi hauwezi peke yake kuwa burhani ya nani alitoka wapi, na wale waandikao kwamba Waha ni Warundi waliovuka mpaka wanajenga juu ya mchanga.

Vilima vya Kasulu na Kibondo havijachimbwa kama vilivyochimbwa vya Buhaya. Tunawaomba wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waanzie Uvinza, waupande Ruchugi hata Kasulu, kisha washike njia ya Kibondo, wakivitafuta vigae kwenye vivuko na mahali wasafiri walipolala, kabla jembe na greda hazijavimaliza.