Mauti ya Chembe za Fahamu na Mamlaka ya Jeni

Wapo wasemao kwamba jeni ndiyo hakimu anayeipitishia chembe ya fahamu hukumu ya mauti wakati ubongo ungali ukiumbika, na kauli hiyo ina ukweli wake, walakini ni ukweli wa mnyoo zaidi kuliko wa mwanadamu.

Katika mnyoo Caenorhabditis elegans, kiumbe wa kadiri ya milimita 1, ambaye kila huntha wake huzalisha chembe za mwili 1090 kisha 131 zikafa, nyingi zikiwa za fahamu, chembe zinazokufa ni zile zile na saa yao ni ile ile kwa kila mnyoo. Robert Horvitz na wenzake, katika kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2002 pamoja na Sydney Brenner na John Sulston, walibainisha silsila ya amri hiyo: jeni egl-1 huifunga mikono jeni ced-9, nayo ced-9 ikishafungwa haiwezi tena kuizuia ced-4, hata ced-4 ikaiamsha ced-3, ambayo protini yake hukatakata protini nyingine mpaka chembe ikasambaratika na kumezwa na jirani zake.

Kwa viumbe wenye uti wa mgongo silaha ni hiyo hiyo, ila hukumu hutoka kwingine. Mwaka 1949 Rita Levi-Montalcini na Viktor Hamburger walionyesha kwamba, likikatwa chipukizi la bawa la kiinitete cha kuku, chembe za hisia ambazo zingalilihudumia hufa kwa wingi, ingawa jeni zake hazikuguswa. Zimekosa tu kirutubisho kitokacho kwenye kiungo, ambacho hata katika hali ya kawaida hakizitoshi zote. Atasema mpinzani kwamba kirutubisho hicho nacho ni zao la jeni. Naam, lakini ni jeni ya chembe nyingine, katika kiungo kingine, na kiasi chake hakikuandikwa ndani ya chembe inayokikosa.

Fauka ya hayo, panya walionyimwa kaspasi-9, jamaa ya ced-3, aghalabu huwa na ubongo uliofura kwa chembe za ziada, na wengi hufa kabla au mara baada ya kuzaliwa, ilhali mnyoo asiye na ced-3 huishi bila taabu kubwa. Hata hivyo ziada hiyo hutokana zaidi na chembe changa zilizokuwa zingali zikigawanyika; ama chembe za mwendo, ambazo uhai wake hutegemea misuli, utafiti wa mwaka 2001 ulizikuta zikipungua kwa kadiri ya kawaida, zikichelewa kidogo na kufa kwa sura nyingine. Upanga umeondolewa, na mauti yamekuja vile vile. Panya aliyenyimwa jeni ya Bax, kinyume chake, huzibakiza chembe hizo, kwa kuwa Bax hufanya kazi mapema zaidi katika silsila, kwenye utando wa mitokondria, ambapo habari ya kukosekana kwa kirutubisho hugeuzwa kuwa amri. Na hapo ndipo, kwa rai yangu, mamlaka ya jeni yanapopasa kupimwa.