Kompyuta iliyorushwa redioni

Hebu tuanze na kelele. Kama una umri wa kukumbuka intaneti ya kupiga simu, ule mlio wa kukwaruza kabla hujaunganishwa, basi uko karibu kabisa na ninachotaka kusimulia. Sasa chukulia mlio wa namna hiyo unatoka redioni, katikati ya kipindi cha muziki, na watu majumbani wametulia wanaurekodi kwenye kaseti. Hapo ni Belgrade, nchi iliyokuwa Yugoslavia, katikati ya miaka ya 1980. Kipindi kinaitwa Ventilator 202, mtangazaji ni Zoran Modli, na hizo kelele ni programu za kompyuta.

Siyo uchawi. Kompyuta nyingi za nyumbani enzi hizo zilihifadhi programu kwenye kaseti ya kawaida, ileile unayorekodia muziki. Sifuri na moja za programu ziligeuzwa kuwa milio, kaseti ikaishika, na siku ukiihitaji kompyuta inaisikiliza tena na kuigeuza kuwa programu. Basi, kama ni sauti, nini kinazuia kuirusha hewani? Msikilizaji anabonyeza kitufe cha kurekodi, anachomeka redio kaseti kwenye kompyuta, anaomba Mungu. Mawimbi yakisumbua kidogo tu, kazi imeharibika.

Lakini kompyuta zenyewe walizipata wapi? Hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo. Sheria za Yugoslavia zilizuia mtu kuingiza kutoka nje kifaa chenye thamani inayozidi maki 50 za Ujerumani Magharibi, na kompyuta kama ZX Spectrum au Commodore 64 zilikuwa ghali kuliko hapo kwa mbali. Walioweza walizipitisha mpakani kwa magendo. (Tusiwacheke. Hapa kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974.)

Sasa, mwaka 1983, mhandisi mmoja anayeitwa Voja Antonić alikuwa likizoni Risan, mji wa pwani huko Montenegro. Badala ya kuogelea, akawa anasoma kitabu cha maelezo ya chipu. Wazo likamjia: kitu cha gharama kwenye kompyuta ndogo ni zile saketi za kuchora picha kwenye skrini. Je, tukiziondoa, kazi hiyo tukampa prosesa mwenyewe? Prosesa aliyemchagua ni Z80, ambaye ana kipengele kilichowekwa kwa ajili ya kuhuisha chipu za kumbukumbu. Antonić akakigeuza, kikamsaidia kuchomoa herufi na kuzipeleka kwenye televisheni. Matokeo yake prosesa alitumia muda mwingi akichora skrini, na hesabu zenu zikasubiri foleni. Ila saketi ikawa nyepesi kiasi kwamba mtu mwenye mkono wa fundi redio angeweza kuichomelea kwa risasi mezani kwake.

Angeweza kuiuza. Hakuiuza. Yeye na mwandishi Dejan Ristanović waliichapisha yote, mchoro wa saketi na maelezo ya kuijenga, katika toleo maalumu la jarida la sayansi la Galaksija, mwanzoni mwa 1984. Kompyuta ikachukua jina la jarida. Ndiyo, jarida la kueneza sayansi, kama sisi hapa, ila wao waliwapa wasomaji kompyuta nzima! Walidhani wachache watajaribu. Wakapata barua za watu zaidi ya 8,000.

Tusidanganyane, mashine yenyewe ilikuwa dhaifu. Kumbukumbu yake ya kudumu ilikuwa KB 4, na humo ndimo lugha nzima ya BASIC ilimokaa. Picha moja ya simu yako yenye MB 3 ingeijaza zaidi ya mara 700. Skrini ilikuwa nyeusi na nyeupe, herufi 32 kwa mistari 16. Ukikosea, ilikuwa na majibu matatu tu: WHAT? kama haikukuelewa, HOW? kama ilikuelewa lakini jambo haliwezekani, na SORRY kama nafasi imekwisha. Mimi kusema kweli nayapenda majibu hayo kuliko ujumbe wa makosa wa kurasa mbili ninaopata leo nikiendesha modeli zangu za thesisi.

Watu wanaozikumbuka mashine hizi kwa hamu hawakumbuki kasi, kasi haikuwepo. Nadhani wanakumbuka kukijua kitu chote. Aliyeijenga Galaksija alijua kila waya unakwenda wapi, kwa sababu ni yeye aliyeuweka. Mimi nimejifunza kompyuta sekondari, kwenye maabara yenye Windows XP na monita zile zenye makalio, zimefunikwa vitambaa kama keki. Tulikatazwa hata kulegeza skrubu. Juzi nimerudi nikaambiwa zote ziliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Niliuliza kama kuna mtu alinakili hata yale majina ya wanafunzi tuliyoyahifadhi kwenye folda za mezani. Mwalimu alicheka kwa upole. Nilikasirika, halafu nikakumbuka habari ya Antonić.

Maana mwaka 1995 Antonić mwenyewe, akiamini hakuna atakayezijali tena, alizitupa Galaksija zake za kwanza alizokuwa amebaki nazo. Yeye aliyezibuni! Kama baba wa mashine aliiona takataka, mkuu wa shule tunamlaumu nini?

Tofauti ni moja. Mchoro wa Galaksija ulikuwa umeshatoka, umechapishwa, uko kwenye makabati ya maelfu ya wasomaji wasiojuana. Ilipopatikana Galaksija moja ya zamani ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la sayansi na teknolojia la Belgrade. Na wapenzi wa vitu vya kale, wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka 1984, wanaijenga upya hadi leo, waya kwa waya, wakifuata mchoro uleule wa jarida. Za shule yetu hazikuwa na mchoro kwa mtu yeyote.