Uchopoaji wa herufi za mwanzo

Uchopoaji wa herufi za mwanzo ni kazi ya programu ya kuchukua idadi fulani ya herufi kutoka kushoto mwa mfuatano wa herufi. Herufi hapa ni alama yoyote: tarakimu, nafasi, hata mkwaju. Kwa kawaida mfuatano wenyewe haubadiliki. Kinachotolewa ni nakala ya sehemu yake.

Kilima cha Kyambogo, Kampala, kina mifano mizuri. Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda (UNEB), lenye ofisi Kyambogo na Ntinda, hutambua watahiniwa wa sekondari kwa namba yenye umbo la U0000/001: U na tarakimu nne za kituo, mkwaju, kisha tarakimu tatu za mtahiniwa. Anayepanga matokeo kwa vituo huchopoa herufi tano. Katika Excel huandika =LEFT(A2,5), katika Python namba[:5], katika Java namba.substring(0,5). Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, hutanguliza mwaka wa kujiunga katika namba ya usajili, kwa hiyo herufi mbili zinatosha kuujua mwaka huo.

Python na Java huhesabu nafasi kuanzia 0. Namba 5 ni mpaka tu. Herufi iliyo katika nafasi hiyo, yaani mkwaju, haichukuliwi.

Mfuatano ukiwa mfupi kuliko idadi inayotakiwa, Python hurudisha kilichopo na kunyamaza, ilhali Java hutoa hitilafu. Kwa kumbukumbu za mitihani, ukali wa Java una faida: namba pungufu hugunduliwa mapema. Excel ina mtego wake. Namba ya simu inayoanza na 077 ikiingizwa kama hesabu hupoteza sifuri, na LEFT huleta tarakimu zisizo sahihi.

Lugha zetu nazo zina mtego. Neno la Kiganda eŋŋoma lina herufi sita, lakini kila ŋ huchukua baiti mbili katika UTF-8. Amri ya substr ya PHP hukata kwa baiti. Ukiiomba mbili, itakupa e na nusu ya ŋ, yaani takataka kwenye skrini. Tumia mb_substr.

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Uganda ina herufi 14. Ya raia huanza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Uchopoaji wa herufi nne ni rahisi, ila CF05 haitaji karne, na programu isikisie.

Kuhesabu herufi kunafaa pale tu urefu wa sehemu ya kwanza haubadiliki kamwe. Penye mkwaju, kata kwenye mkwaju: namba.split("/")[0].